Muuguzi wa Mwanza na kibali cha Ujerumani: karatasi zina mfuatano wake

Wauguzi wengi wa Kanda ya Ziwa wanaotamani kwenda kufanya kazi Ujerumani huanza na viza. Wanauliza viza ni shilingi ngapi, inatoka baada ya muda gani, na nani anaweza kuisukuma. Hapo ndipo pesa nyingi zinapopotelea, maana viza ni hatua ya nne. Kwanza lugha, kisha utambuzi wa cheti chako cha uuguzi, kisha mkataba wa kazi, ndipo viza, na ukishafika kule unaomba kibali cha ukaazi. Kila hatua inadai karatasi ya iliyotangulia. Aliyeruka moja atarudishwa kuifuata, na akiwa anaifuata zile alizokwisha kuzipata zinaanza kupitwa na muda.

Naandika kwa ajili ya mtu aliyeko Bugando, Sekou Toure, Sengerema, Bukumbi au zahanati ya Ukerewe, mwenye cheti halali na nia ya kazi, lakini hana ndugu wala rafiki aliyepita njia hii.

Nianze na mawakala, kwa sababu ndio wanaowafikia watu mapema kuliko taarifa sahihi. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Kwa nchi zilizo kwenye orodha hiyo, kifungu cha 38 cha kanuni za Ujerumani za ajira za wageni kinasema kwamba kusaka wauguzi na kuwaunganisha na waajiri ni kazi ya shirika la ajira la serikali peke yake, yaani Bundesagentur für Arbeit. Wakala binafsi anayewaita wauguzi kwenye ukumbi, akawatoza ada ya fomu na ya usajili, anafanya jambo ambalo kule anakodai kuwapeleka ni kosa. Wewe binafsi hujazuiwa. Ukiiandikia hospitali au nyumba ya wazee moja kwa moja, ukatuma wasifu wako na vyeti vyako, hiyo ni haki yako na viza inatoka. Kinachokatazwa ni dalali wa katikati.

Hata upande wetu, anayeunganisha watu na ajira za nje anatakiwa awe na leseni ya Kamishna wa Kazi. Mwambie akuonyeshe. Akianza kukupigia hadithi, ondoka. Zipo familia zilizouza kiwanja Buhongwa, na zipo zilizochukua mkopo wa VICOBA kwa dhamana ya mtaji wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, zikampa mtu asiye na ofisi. Fedheha ya baadaye huwa nzito kuliko deni lenyewe, na kwa sababu hiyo wengi hunyamaza, wengine nao wanaingia mkenge uleule.

Sasa karatasi za nyumbani. Tandika mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, cheti cha kidato cha nne, cheti cha chuo, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga na pasipoti kama unayo. Soma jina, herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Magreth Joseph Masanja, cha kidato cha nne kinasema Magreth J. Masanja, cha chuo kinasema Margareth Masanja, na leseni imefuata chuo. Hapa nyumbani kila mtu anajua ni mtu mmoja. Afisa wa Ujerumani anaona watu watatu, na hana namna ya kuuliza mtaani. Kiapo cha wakili hutosha pale jina lilipofupishwa tu. Tahajia ikitofautiana au ukoo ukibadilika, tengeneza hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, halafu uombe chuo na Baraza warekebishe kumbukumbu zao. Hilo huchukua muda, kwa hiyo lifanye kabla ya pasipoti na si baada yake. Pasipoti ya sasa ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Kuikata kwa jina lenye kasoro ni kulipa mara mbili.

Jambo jingine dogo linalowakwamisha watu: usilamineti vyeti. Najua tunafanya hivyo ili visiharibike kwa unyevu na mchwa. Lakini cheti kilichofungwa ndani ya plastiki hakipigiki muhuri, na anayekikagua hawezi kuigusa karatasi yenyewe. Vitie kwenye faili la mifuko ya plastiki inayofunguka.

Na kuna karatasi zisizotakiwa kukatwa mapema. Cheti cha tabia njema cha Polisi na cheti cha afya cha daktari, mamlaka nyingi za Ujerumani huvitaka visiwe na zaidi ya miezi mitatu. Watu huvikimbilia mwanzo kwa sababu ni rahisi kupata, wakidhani wamepiga hatua, kumbe vitakapohitajika itabidi vikatwe upya.

Lugha ndiyo inayokula muda kuliko yote, na ndiyo sehemu ambayo hakuna wa kukusaidia. Kijerumani hupimwa kwa ngazi sita, kuanzia A1 ya mwanzo hadi C2 ya juu kabisa. Kwa muuguzi kamili, ngazi inayodaiwa ni B2. Wengi huingia Ujerumani na B1 na kumalizia B2 wakiwa kazini, lakini aliyefika na B2 mkononi anapumua tofauti kabisa. Taasisi ya Goethe, inayofundisha na kutahini Kijerumani, inakadiria vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45 kufika B1, na 600 hadi 800 kufika B2. Piga hesabu na zamu zako. Mtu anayesoma vipindi kumi kwa wiki bila kukosa atafika B2 baada ya mwaka na zaidi, na wodini hakuna wiki kumi mfululizo zisizo na zamu ya usiku. Anayekuambia miezi mitatu inatosha anataka ada yako.

Mitihani ya B1 na B2 ya Goethe ina sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu inahitaji asilimia 60, na unaweza kurudia ile tu uliyoanguka. Kwa mtu wa Mwanza hilo lina maana kubwa, kwa kuwa mtihani unafanyikia Dar es Salaam, na kila safari ni nauli ya kwenda na kurudi, malazi, na siku za kazi ulizoomba ruhusa. Sehemu inayowaangusha wengi wetu ni kusikiliza. Tumezoea kusoma Kiingereza cha vitabu, tukadhani lugha ni maandishi. Sikiliza Kijerumani kila siku, hata ukiwa kwenye daladala ya Igoma, na ufanye mazoezi ya kupokea zamu: mgonjwa ana nini, amepewa dawa gani, saa ngapi, nini cha kuangalia usiku.

Sasa utambuzi wa cheti, ambako ndiko moyo wa shughuli yote ulipo. Uuguzi Ujerumani ni taaluma inayolindwa na sheria. Huwezi kuitwa muuguzi kamili mpaka jimbo utakalofanyia kazi litamke kwamba mafunzo yako yanalingana na ya kwao. Kila jimbo lina mamlaka yake: Berlin ni LAGeSo, Bavaria ni Landesamt für Pflege, Baden-Württemberg ni Regierungspräsidium Stuttgart. Unaomba kwenye jimbo unakotarajia kufanya kazi, na wanataka ushahidi wa nia hiyo, kwa mfano barua ya mwajiri. Kuna kituo cha ushauri cha serikali yao, ZSBA, kinachowasaidia bila malipo walioko nje ya nchi kujua waombe wapi na kwa karatasi zipi. Kitumie. Watu wanalipa madalali kwa ushauri ambao pale ni bure.

Wanacholinganisha ni saa. Mafunzo ya Ujerumani ni ya miaka mitatu, yenye saa 2,100 za darasani na 2,500 za vitendo. Transkripti ya kawaida ya vyuo vyetu ina majina ya masomo na alama, basi. Haionyeshi kwamba ulikaa wodi ya watoto saa ngapi, wazazi saa ngapi, upasuaji saa ngapi. Ukituma hivyo hivyo, afisa hana cha kuhesabu, na kisichohesabika kwake hakipo. Rudi chuoni ukaombe mtaala wa miaka uliyosoma wewe, siyo wa sasa, pamoja na barua yenye mchanganuo wa saa za nadharia na za vitendo kwa kila eneo, yenye muhuri na saini. Aliyesoma Sengerema sasa anafika kirahisi zaidi tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025. Hangoji tena kivuko cha Kigongo. Nenda mwenyewe. Barua ya aina hii haitoki kwa simu. Mhusika wa taaluma mara nyingi hajawahi kuombwa kitu kama hicho, na utamsaidia ukimpelekea jedwali tupu ulilochora tayari, lenye safu za wodi na saa, ili yeye ajaze kutoka kwenye kumbukumbu za chuo.

Ongeza vyeti vya kazi kutoka kila hospitali uliyofanyia, vinavyotaja idara, tarehe ya kuanza na kumaliza, na kama ulikuwa wa muda wote. Uzoefu unaweza kuziba sehemu ya pengo la masomo, lakini barua inayosema tu kwamba ulikuwa mchapakazi na mwenye nidhamu haizibi chochote. Kisha tafsiri ya Kijerumani ya mtafsiri aliyeapishwa, na nakala zilizothibitishwa. Uliza kwanza ni nani anaruhusiwa kuthibitisha, kwa sababu zipo mamlaka zisizoukubali muhuri wa wakili wa huku na zinataka wa ubalozi. Ada ya utambuzi hutofautiana, kwa kawaida kati ya euro 100 na 600. Tafsiri hulipiwa kando, na mtaala mnene unaweza kugharimu kuliko ada yenyewe, kwa hiyo usitafsiri kitu kabla hujaambiwa kinahitajika.

Faili likikamilika, jibu linatakiwa litoke ndani ya miezi mitatu. Muda huo unaanza kuhesabiwa siku karatasi ya mwisho ilipofika, siyo siku uliyotuma ya kwanza. Na jibu kwa karibu kila muuguzi wa kwetu ni barua iitwayo Defizitbescheid, barua ya upungufu. Wapo wanaoisoma wakalia, wakiwaza kwamba miaka yote ya chuo imetupwa. Hujakataliwa. Barua ile ndiyo mlango wa viza. Inataja maeneo yanayopungua, mara nyingi uuguzi wa wazee, na inakupa njia mbili: kozi ya kuziba pengo, au mtihani wa kupima ujuzi wenye sehemu ya mdomo na ya vitendo, unaoruhusiwa kurudiwa mara moja. Mtihani ni wa haraka kwa mwenye Kijerumani kizuri. Kozi ni ndefu lakini haina hofu ya siku moja. Kwa mtu aliyefika na B1 nampa ushauri wa kozi bila kusita.

Mwenye cheti cha miaka miwili asikate tamaa, ila ajue pengo lake litakuwa pana. Huenda ikamfaa zaidi kuanza mafunzo ya miaka mitatu kule kule kama mwanafunzi anayelipwa posho, njia ambayo hata mhitimu wa sekondari asiye muuguzi anaweza kuiomba kwa B1.

Ukiwa na barua ya upungufu, mwajiri anakuchukua kama msaidizi wa uuguzi mpaka utambuzi ukamilike, halafu unapanda. Mkataba useme hivyo waziwazi: mshahara wa kipindi cha kwanza, na mshahara siku cheti cha utambuzi kinapotoka. Kwenye nyumba za wazee kuna kima cha chini cha kisheria. Kilichoanza Julai 2025 kilikuwa euro 16.10 kwa saa kwa msaidizi asiye na mafunzo, na 20.50 kwa muuguzi kamili. Kiasi kinachoandikwa ni kabla ya makato. Kodi, bima ya afya, pensheni na bima ya kukosa kazi vikishatoka, asiye na familia hubaki na takriban theluthi mbili. Usiahidi nyumbani kwa kutazama namba ya juu.

Tafuta kwenye mkataba kifungu cha kurudisha gharama, kinachosema ukiondoka kabla ya muda fulani utalipa fedha za kozi na tiketi. Kama kipo, kiasi kinapaswa kutajwa na kiwe kinapungua kadiri miezi inavyokwenda. Kisichotaja kiasi, usikisaini kabla hujamuuliza mjuzi. Ukiwa kule, huduma ya ushauri iitwayo Faire Integration huwasaidia wafanyakazi wageni bila malipo.

Viza yenyewe, ukishafika hapa, ni nyepesi. Maombi huanzia mtandaoni kwenye tovuti ya huduma za kibalozi, unapandisha karatasi zako, wanakuambia kinachopungua, kisha wanakupa miadi ya kufika ubalozini Dar es Salaam, Umoja House, kwa alama za vidole na mahojiano. Ada ni euro 75. Kati ya karatasi wanazozitaka ni mkataba, barua ya upungufu, mpango wa kozi au mtihani, cheti cha lugha, bima ya safari, na fomu ya mwajiri inayoitwa Erklärung zum Beschäftigungsverhältnis, ambayo shirika la ajira huitumia kupima kama unalipwa sawa na Mjerumani wa kazi ileile. Fomu hii ikiwa na namba tofauti na mkataba, hata tofauti ya saa moja kwa wiki, maombi yanasimama. Zilinganishe mwenyewe kabla ya kusafiri.

Mwajiri aliye makini anaweza kuomba utaratibu wa haraka kwenye ofisi ya wageni ya mji wake kwa euro 411. Ofisi hiyo husimamia utambuzi na idhini ya ajira kwa pamoja, kisha hutoa ridhaa ya awali. Ukiwa na ridhaa hiyo, ubalozi unatakiwa kukupa miadi ndani ya wiki tatu na kuamua ndani ya wiki tatu nyingine. Kwenye mahojiano watakusemesha Kijerumani. Watakuuliza mji unaoenda, utafanya nini siku ya kwanza, barua yako inasema unapungukiwa nini. Aliyejaziwa fomu na mtu mwingine hujulikana hapo.

Usiache kazi kabla viza haijabandikwa kwenye pasipoti. Mtumishi wa umma aandike barua rasmi na asubiri majibu. Kutoweka kazini kunaharibu rekodi na stahili zako. Deni la Bodi ya Mikopo linakusubiri popote uendapo, kwa hiyo panga namna ya kulilipa ukiwa nje. Beba kadi ya chanjo: sheria ya Ujerumani inamtaka mtumishi wa afya aliyezaliwa baada ya 1970 athibitishe kinga ya surua, na bila hiyo hupewi zamu. Beba pia fedha za mwezi wa kwanza, kwa kuwa mshahara hulipwa mwishoni mwa mwezi na dhamana ya nyumba inaweza kufika kodi ya miezi mitatu.

Ukifika, una wiki mbili za kujiandikisha makazi. Mwenye nyumba lazima akusainie fomu ya kuthibitisha kwamba umehamia. Siku hiyohiyo andika jina lako kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya mlango. Hili linaonekana dogo, ila namba ya kodi, kadi ya bima, namba ya siri ya benki na barua za ofisi ya wageni vyote huja kwa posta, na mletaji asipoliona jina lako anarudi navyo. Usipopata namba ya kodi, mshahara wa kwanza unaweza kukatwa kwa daraja la juu kabisa la kodi. Ipo pia barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata kama huna televisheni. Usiitupe.

Kibali cha ukaazi kiombe ofisi ya wageni kabla viza haijaisha, hata kama miadi yao iko mbali. Ukishaomba kwa wakati, hupewa Fiktionsbescheinigung, karatasi ya muda inayokuruhusu kuendelea kuishi na kufanya kazi wakati kadi inatengenezwa. Aliyechelewa siku chache hupoteza kinga hiyo. Kadi ya kwanza hugharimu hadi euro 100, na huja na karatasi ya ziada inayotaja mwajiri na aina ya kazi. Isome. Ukihamia kwa mwajiri mwingine bila idhini wakati karatasi hiyo inataja mmoja, unafanya kazi bila kibali, hata kama kadi bado ina mwaka mzima.

Cheti cha utambuzi kikitoka, rudi ofisini mara moja ubadilishiwe kibali kiwe cha mtaalamu. Wengi huzembea hapa kwa kuwa kazi ni ileile na kadi haijaisha. Lakini miaka mitatu inayohesabiwa kuelekea ukaazi wa kudumu, pamoja na michango ya pensheni ya miezi 36 na B1, ni ya kushikilia kibali cha mtaalamu. Muda wa kadi ya kuziba pengo, yaani ile ya kwanza uliyopewa kabla utambuzi haujakamilika, haumo. Kila mwezi unaochelewa kubadilisha unauongeza mbele. Mwenye zaidi ya miaka 45 anayeomba kwa mara ya kwanza hudaiwa pia kima maalumu cha mshahara au ushahidi wa pensheni ya kutosha, hivyo aulize mapema.

Uraia huombwa baada ya miaka mitano, na tangu Juni 2024 Ujerumani haikulazimishi kuacha wa kwanza. Tanzania bado hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo mwenye shamba au nyumba huku azungumze na mwanasheria kabla ya kusaini chochote. Kwa wanaobaki na pasipoti yetu, kadi ya ukaazi kwa kawaida haipewi muda unaopita ule wa pasipoti. Pasipoti ikikaribia kuisha, anza kuifuatilia kwenye Ubalozi wa Tanzania mjini Berlin mwaka mmoja kabla, na tunza nakala ya ile ya zamani pamoja na viza ya kwanza, maana ofisi ya wageni huiomba wakati wa kuhuisha kadi.